Mgagani wa Ua la Njano

Mwanangu Minza alirudi kutoka shule na kazi ya nyumbani ambayo kwa mtoto wa kijijini kwetu Kishapu ingekuwa mchezo tu: atafute mimea mitano inayojiotea na wadudu watano, abandike kwenye daftari, na chini ya kila kimoja aandike jina lake. Sisi tunakaa Geita mjini, nyuma ya duka langu la sururu, kamba na tochi za kichwani, na uwanja wetu ni kipande cha udongo mwekundu kati ya choo na ukuta wa jirani. Hata hivyo alizunguka huko nusu saa nzima, akarudi na viganja viwili vimejaa.

"Mama, hii inaitwaje?"

"Sijui."

"Na hii?"

"Sijui, Minza. Nina mteja."

Alikuwa ameshika mlenda, mchunga, na shina moja la mgagani, na vyote nilivijua kabla hajafungua mkono. Harufu ya mgagani ilikuwa imeshaingia dukani, ile harufu kali inayokaa vidoleni hata ukinawa kwa sabuni mara mbili. Aliniangalia vile anavyoniangalia nikimwambia pipi zimeisha. Kisha akachukua simu yangu juu ya meza, akaupiga picha ule mgagani, na simu ikampa jina refu la kigeni ambalo nadhani hata mwalimu wake lingemshinda. Akalinakili herufi moja moja, ulimi nje.

Nimekuwa nikisema sijui kwa miaka mingi. Majirani zangu wa hapa, wengi wao wamekuja kutoka mikoa ya mbali kufuata dhahabu, hunijia na majani mikononi wakijua mimi ni Msukuma wa Kishapu na kwamba lazima nitayafahamu. Nawaambia mimi ni mtu wa mjini. Mboga za kienyeji sili, sipiki, na kwenye harusi nikipakuliwa nazisogeza pembeni ya sahani. Wanasema naringa. Afadhali waseme hivyo, kwa sababu sababu yenyewe sikuwahi kumwambia mtu. Tangu nikiwa na miaka tisa niliamini kwamba nilimuua mama yangu kwa mboga.

Mama alikwenda machimboni nikiwa darasa la pili. Baba alikwishaondoka zamani na hakuna aliyemtaja. Mama akanipeleka kwa dada yake, ambaye mimi nilimwita Mama Mkubwa na watu wengine walimwita Mama Limi, kwa jina la binti yake aliyekuwa ameshaolewa Tinde. Akaniachia gauni moja jipya na ahadi kwamba kila likizo ya mwisho wa mwaka ningekwenda kukaa naye. Huko Geita alikuwa akiwapikia wachimbaji ugali, na siku ambazo hakupika aliosha mchanga wa dhahabu. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa nje kidogo ya Mhunze, huko Kishapu, mahali pakavu, pamba upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, na tulibaki wawili tu tukitazamana.

Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kubembeleza. Mapenzi yake yote yalipitia kwenye kufundisha. Asubuhi ya kwanza kabisa alinitoa nje kabla ya uji, akanikalisha nyuma ya zizi, mahali ambapo samadi ilikuwa imekolea na majani yameota hadi magotini mwangu, akaniambia nifumbe macho. Akanisugulia jani puani. "Nusa. Hili ni la nini?" Sikujua. Akalisugua lingine. Tuliendelea hivyo mpaka jua likawaka, na uji ulipoa ukaota ngozi. Baada ya mwezi mmoja niliweza kutofautisha mlenda wa shambani na mlenda wa porini kwa kugusa tu, na nilijua mchunga kwa maziwa yake meupe yanayotoka ukiukata.

Mgagani ndio ulikuwa mkubwa wa yote, kwa sababu ndio tuliokula mwaka mzima. Mvua zikiwapo tuliula mbichi, na uliozidi tuliuchemsha, tukauanika juani hadi ukakauka na kuwa nsansa, mboga ya kiangazi, ambayo hufungwa kwenye mfuko au chungu na kungoja siku ambazo hakuna jani nchi nzima. Mama Mkubwa alinifundisha kuutambua kwa vituo, kama mtu anayeelekeza njia. Hesabu kwanza vidole vya jani, ni vitano. Gusa shina, linanata na lina vinyweleo. Nusa. Halafu angalia ua.

"Ua jeupe ni letu," alisema. "Ua la njano ni la mbiti."

Mbiti ni fisi. Ule wenye ua la njano ulifanana na wetu kwa kila kitu, vidole, vinyweleo, kunata, hadi siku utakapochanua. Nilimwuliza mtu akiula atakuwaje. Mama Mkubwa alitema mate pembeni, akasema, "Mbiti anapokwenda kula, kunakuwa na nini? Kuna mzoga." Nikaelewa hivyo.

Alikuwa na kanuni nyingine, ya wadudu. Kabla hujachuma, alisema, mwangalie aliyetangulia mezani. Jani lenye matundu limeshaonjwa na panzi au kiwavi, na kama yeye yu hai na wewe utakuwa hai. Jani lisilo na tundu hata moja lina siri. Kwa hiyo nilijifunza wadudu pamoja na majani, maana ndio waliokuwa waonjaji wetu. Nilimjua mdudu mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa anayekaa kwenye mgagani wawili wawili. Nilimjua panzi wa rangi nyingi anayetoa povu ukimshika, ambaye hata kuku hamgusi. Nilimjua yule mdogo mwekundu, mlaini kabisa, anayejaa chini baada ya mvua ya kwanza, na niliamini kwamba anaanguka na matone kutoka juu. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na ndani yake kila siku kulikuwa na mgeni mpya. Nilikuwa mtoto mwenye furaha, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu furaha yenyewe siikumbuki, nakumbuka kopo.

Ng'ambo ya njia ya ng'ombe kulikuwa na ngitili. Kwa wasiojua, hilo ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza, nyasi zikaachwa zikue bila kuguswa, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate pa kushika. Lilizungushiwa miiba, na ndani nyasi zilisimama hadi kifuani mwa mtu mzima, zikiwa na majani na vidudu ambavyo kwetu vilikuwa vimekwisha kuliwa na kukanyagwa. Kuingia kabla halijafunguliwa ilikuwa kosa la kijiji. Walinzi wakikukamata, kwenu kunatoka mbuzi. Sisi tulikuwa na mbuzi watatu, na niliwajua kwa majina.

Mvua zilipokuwa zinaishia, zikaja salamu kutoka kwa Mama. Alizileta Baba Kashinje, jirani yetu aliyekuwa akinunua kuku na mayai mnadani na kuyapeleka Kagongwa, na mara nyingine akaendelea nayo hadi machimboni. Alisema Mama mzima, amekonda kidogo, na anaomba nsansa. "Anasema huko hakuna mgagani, kuna vumbi la mawe tu. Anasema anaota harufu yake." Angeondoka tena baada ya mnada wa wiki ile.

Mama Mkubwa alisema tuchume tulichonacho. Lakini nyuma ya zizi mgagani ulikuwa umeshatoa maganda ya mbegu, majani yamebaki machache na magumu, na tulipochuma vyote havikujaza hata beseni dogo. Ukichemsha hunywea, ukikauka hunywea tena. Nilipiga hesabu nikaona Mama atapata mfuko wa kukunja kiganjani. Nilitaka mfuko mkubwa. Nilitaka aufungue mbele ya wenzake na waseme, huyu ana mtoto.

Kesho yake Mama Mkubwa alipokwenda lamboni kuchota maji, nilipita chini ya miiba nikaingia kwenye ngitili. Ndani kulikuwa na kivuli na unyevu, na mgagani ulikuwa umeota chini ya nyasi, mchanga, laini, majani mapana. Nilihesabu vidole vya jani la kwanza: vitano. Nikagusa shina. Nikanusa. Ua sikuangalia, maana sikuliona, na kwa sababu nilisikia wachunga ng'ombe wakipiga mluzi njiani nikaanza kukwanyua bila kuchagua, nikijaza gauni langu nililolikunja kama kapu. Nilitoka nimechanwa mguu, nikakimbia hadi jikoni, na maji yalikuwa yameshachemka mekoni. Nikamwaga yote chunguni, yangu na yale ya beseni, nikakoroga kwa mwiko.

Ndipo nikajikung'uta. Kwenye gauni, tumboni, palikuwa pamenata petali moja ya njano.

Niliibandua kwa kucha. Nikaitazama kwenye mwanga wa mlango. Mvuke ulikuwa unapanda chunguni, na majani yote, mazuri na mabaya, yalikuwa yameshakuwa rangi moja. Nilijaribu kukumbuka kama nilichokichuma kilikuwa na matundu. Hakikuwa na tundu hata moja.

Mama Mkubwa alirudi na ndoo kichwani, akachungulia chunguni, akasema, "Umepata wapi mwingi hivi?" Nikasema, kwa upande wa pamba. Akanipiga kofi dogo la mgongoni, la kusifu, ambalo alikuwa halitoi hovyo. Ningesema pale. Ningesema jioni, na kesho yake, na keshokutwa, siku zote tatu ambazo nsansa ilikuwa imeanikwa juu ya jiwe na mimi nimewekwa kuifukuzia kuku. Kila nilipofungua mdomo niliona mbuzi anafungwa kamba shingoni na kuondoka.

Badala ya kusema, nikafanya majaribio. Nilimtupia kuku jani moja. Akalidonoa, akalitupa, akafuta mdomo chini. Nikachukua jani lingine nikalitia kwenye kopo pamoja na panzi wa kijani, mzima wa afya, nikafunga kifuniko na kuliacha juani kando yangu. Jioni nilipofungua, panzi alikuwa amekufa, miguu juu. Leo najua kwamba panzi yeyote uliyemfungia kwenye kopo la bati lisilo na tundu, juani kutwa nzima, atakufa hata ukimpa asali. Sikulijua hilo wakati ule. Nilimzika panzi nyuma ya zizi na nikalala bila kula, nikasema kichwa kinauma.

Siku ya mnada Mama Mkubwa alishona mfuko kutoka kwenye kitenge kilichochanika, akaujaza nsansa, akaishindilia kwa ngumi, akaufunga fundo. Ulikuwa mkubwa kama mto wa kulalia. Akanipa mimi niubebe. Njia nzima niliukumbatia, na harufu iliyotoka ndani ilikuwa ileile, nzuri, haikusema lolote. Baba Kashinje alikuwa anafunga matenga ya kuku kwenye bodi la lori. Akaupokea mfuko kwa mkono mmoja, akaupachika kati ya matenga.

"Una salamu kwa mama?" aliniuliza.

Nikasema, "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

Mama Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani pangu. Kondakta alikuwa anapiga bati.

"Mwambie shikamoo."

"Haya, zitafika," alisema Baba Kashinje, na lori likaondoka.

Nilihesabu siku. Siku ya kwanza yuko Kagongwa, anauza. Siku ya tatu pengine amefika. Siku ya nne Mama amefungua mfuko, maana mtu anayeota harufu hawezi kungoja. Siku ya tano nilikaa njiani kuangalia kama kuna mtu anakuja. Hakuja mtu. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na nikaanza kupumua. Nikajiambia pengine mabaya yalikuwa machache, pengine yamepotelea ndani ya mazuri. Nikarudi kwenye uji wangu.

Kisha akaja mtu kwa baiskeli kutoka Mhunze, saa ya mchana, Mama Mkubwa akiwa anapepeta mtama. Alishuka mbali kidogo, akavua kofia. Nilisikia maneno machache. Nilisikia "tumbo". Nilisikia "siku mbili tu". Nilisikia kwamba wameshamzika hukohuko. Ungo ulianguka, mtama ukamwagika, na kuku wote wakaja. Mimi nikaanza kuwafukuza kuku. Niliwafukuza kwa bidii kabisa, huku na huku, mpaka mwanamke mmoja jirani akanishika mikono.

Mwili wangu uliingia ganzi siku ile, na sisemi kwa kupamba. Niliuma kidole nisikie kama kinauma, nikaona alama za meno tu. Watu walijaa, wanawake wakalia kwa sauti, wakanishika kichwa wakakilaza mapajani mwao, na mimi niliangalia nyuzi za khanga zao. Machozi hayakuja. Mmoja aliniambia, "Lia, mayu," yaani mama, "usipolia utaugua." Mwingine akasema nyuma ya mgongo wangu, bila kushusha sauti, kwamba mtoto huyu ana roho ngumu. Sikuwa na roho ngumu. Nilikuwa na siri, na nilijua nikifungua mdomo hata kwa kilio itatoka.

Kuhusu chanzo, wakubwa walibishana. Wengine walisema maji ya kule, yanachotwa kwenye mashimo yaleyale wanayooshea mchanga, na kwamba kambini waliugua na wengine. Wengine walisema chakula. Kila aliposema mtu chakula nilitoka nje.

Baada ya siku chache akaja mwanamke aliyekuwa akikaa na Mama chumba kimoja, amebeba vitu vyake vimefungwa ndani ya shuka: nguo, sufuria, sijui na nini. Mama Mkubwa aliliweka furushi lile chumbani kwake, na akaniita nije nione kama kuna kitu ninachotaka nibaki nacho. Nilisema sitaki. Akaniita tena. Nilikwenda kulala jikoni, na nikalala huko hadi watu walipotawanyika. Nilichoogopa ni kimoja: kuuona ule mfuko wa kitenge, umefunguliwa, mtupu.

Nilikua. Nilimaliza shule, nikafanya kazi Shinyanga mjini kwenye duka la mtu, kisha nikaja Geita, nikafungua langu. Watu waliniuliza kwa nini Geita, nikasema biashara. Niliwahi kwenda mpaka ilipokuwa ile kambi. Maduara, yale mashimo ya dhahabu, yalikuwa yamefukiwa, na mtu wa pale akanionyesha kwa kidole eneo lenye vichaka, akasema walizikwa upande ule, lakini nani yuko wapi hajui. Nilisimama kidogo. Nilitambua mimea sita au saba kwenye vile vichaka, bila kutaka, halafu nikarudi kufungua duka. Kichwani nilijua kabisa kwamba maji machafu yanaua. Nilijua kwamba waliugua wengi. Lakini kile kichwa kinachojua hayo ni cha mtu mzima, na aliyechuma alikuwa mwingine, na yeye hakuna aliyempa taarifa.

Likizo hii Minza alinisumbua twende kwa Bibi, kwa sababu simu ilimpa majina asiyoweza kuyatamka na akaambiwa na mwenzake kwamba bibi wa Kishapu hujua yote. Tukaenda. Mama Mkubwa sasa haoni vizuri, macho yana utando, lakini vidole vyake bado vinafanya kazi. Asubuhi Minza alipofuata mbuzi na watoto wa jirani, nilimkuta Mama Mkubwa amekaa barazani na beseni la mgagani mapajani, anachambua kwa kugusa, anaachanisha jani na kijiti.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mayu. Umelala?"

"Nimelala."

Nikakaa mkekani. Mikono yangu ikaingia yenyewe kwenye beseni, baada ya miaka yote ile, ikaanza kuchambua. Yeye alisikia, akasogeza beseni karibu yangu. Tukafanya kazi. Harufu ikapanda. Sijui kilichonisukuma siku ile na si nyingine.

"Mama Mkubwa, nilichuma ule wa mbiti."

"Huu hapa?" Akainua jani kwenye pua yake. "Huu ni wetu."

"Si leo. Ule wa mfuko wa Mama. Niliingia kwenye ngitili ulipokwenda lamboni. Nilichuma bila kuangalia ua, nikamwaga chunguni. Niliona petali kwenye gauni. Nilijua, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka Baba Kashinje akaondoka nao."

Vidole vyake havikusimama. Vilichambua jani moja, na la pili.

"Ulikuwa unalijua hilo siku zote hizi?"

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Alivuta pumzi kwa meno. "Mayu, ule hauui mtu. Ni mchungu tu, ukichemsha unapungua. Tulikuwa tunawaambia watoto hivyo ili msiingie kwenye ngitili, maana ndiko ulikojaa. Nami mama yangu aliniambia hivyohivyo."

Nilingoja nijisikie nimetua mzigo. Hakikuja kitu. Niliona kuku anapita, nikamwangalia mpaka akapinda nyuma ya nyumba. Nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu mwenye duka, "Lakini alikufa kwa tumbo."

"Alikufa kwa tumbo. Ila ule mfuko hakuula."

"Hakuula?"

"Ulirudi. Ulikuwa kwenye lile furushi. Fundo ni langu mwenyewe, nililijua, halikuwa limeguswa. Yule mwenzake aliniambia mdogo wangu aliutundika ukutani, juu ya kitanda. Kila wakimwambia upike tuonje, anasema huu siufungui, nitaula na mwanangu akija likizo."

Nilishika kijiti cha mgagani. Nilikivunja, nikavunja na vile vipande.

"Nilikuita uje uone," alisema. "Nilikuita mara mbili."

"Uko wapi sasa?" nikauliza. Swali la kipumbavu, lakini ndilo lililokuja.

"Uko wapi nini? Tuliupika siku ya kuondoa matanga. Watu walikuwa wengi na mboga hakuna, nikaufungua, nikaunga kwa karanga." Alipapasa beseni kutafuta majani yaliyobaki, akaupata mkono wangu, akaupita, akaendelea kutafuta. "Wewe nilikupelekea jikoni. Ulikula yote, ukaomba uongezwe. Nikakupa na yangu."